Maalim Anajibu: Chuo, Kambi na Mpira

Mwezi huu barua zimekuja za aina moja utadhani mmekaa barazani mkapangana. Kuna walioacha chuo wakenda kambini na sasa wanataka kurudi, na kuna wanaouliza kama mwanafunzi anayechezea timu anafaa kulipwa. Nimechukua tano, nimezifupisha kidogo, na majina nimeyaweka kando kama kawaida yetu.

SWALI: Maalim, asalam alaikum. Mie kijana wa Wete, umri 25. Nilianza digrii ya ualimu chuo kimoja hapa Unguja, mwaka wa kwanza nikamaliza vizuri tu hata sapu (mtihani wa marudio) sikuwa nayo, halafu zikatoka nafasi za kwenda kambini kujitolea, baba akasema nenda chuo hakikimbii, nikenda. Nimekaa miaka miwili, ajira sikupata ila nilikuwa nachezea timu ya kikosi, namba sita. Sasa nimerudi chuo naambiwa jina langu kwenye mfumo halipo, nianze tena mwaka wa kwanza na ada nilipe upya. Hapohapo kuna timu ya daraja la kwanza inanitaka na inatoa posho. Nifanyeje? (Namba Sita, Wete)

JIBU: Waalaikum salam. Hukusema kitu kimoja na ndicho nnachokitaka: uliaga? Sisemi kumuaga mlezi wa dakhalia wala rafiki zako, nasema kujaza fomu ya kuahirisha masomo, ikapita kwa mkuu wa idara, ikafika kwa msajili na ukajibiwa kwa barua. Maana kwenye vitabu vya chuo hakuna mtu anayeitwa "amekwenda kambini", kuna aliyeahirisha na kuna aliyetoweka, na aliyetoweka baada ya muda anafutwa usajili hata kama kule alikokuwa alikuwa analinda nchi. Barua yako ilivyo nahisi wewe ni wa kundi la pili, kama nimekukosea radhi.

Lakini kufutwa usajili sio kudisko. Hii ishu watu wengi wanaichanganya na hata makarani wengine wanaichanganya. Aliyedisko ameondoshwa kwa kufeli, wewe hukufeli, alama zako za mwaka wa kwanza zipo na ni zako. Kwa hiyo usikubali jibu la dirishani. Andika barua kwa msajili, omba akujibu kwa maandishi hali yako ni ipi, na omba matokeo yako rasmi ya mwaka wa kwanza yaliyogongwa muhuri. Halafu nenda ulikotumikia ukachukue cheti au barua inayoonesha tarehe uliyoingia na tarehe uliyotoka, maana bila tarehe karatasi ile haimsaidii mtu. Ukishakuwa na vitu hivyo viwili mkononi ndo unaomba kurejeshwa, au kama wamekataa kabisa, unaomba chuo kingine kikupokee kwa uhamisho wa krediti, yaani masomo uliyokwisha kufaulu, jambo ambalo taratibu za TCU (tume inayosimamia vyuo vikuu) zinaliruhusu, ila chuo kinachokupokea ndicho kinachoamua somo lipi linalingana na la kwao. Mtaala ukiwa umebadilika unaweza ukaambiwa urudie masomo mawili matatu, hayo kubali usibishane. Mwaka mzima ndo usiukubali mpaka milango yote ifungwe.

Na kama ulikuwa na mkopo, kabla ya yote nenda Bodi ya Mikopo, iwe ya Zanzibar au ya Bara, hiyohiyo iliyokupa bumu la mwaka wa kwanza. Kuna vijana wanaomba tena kama wapya, wakati jina la zamani bado lina deni kwenye kompyuta, matokeo yake wanakosa kote kuwili na wanakaa mwaka mzima wanalaumu uchawi.

Mpira sasa. Najua utapigiwa mfano wa Feisal Salum, alitokea JKU, timu ya Jeshi la Kujenga Uchumi la hapa Zanzibar, akenda Yanga 2018 na leo jina lake hata watoto wanalo mgongoni. Kweli, lakini hebu jiulize kwenye kikosi kilekile cha JKU walikuwemo wangapi na wako wapi saa hizi. Mie sikukatazi kucheza. Nnachokwambia ni kuwa posho za timu zetu zinakuja zinapopenda, kwa hiyo waambie hivi: sitaki posho mkononi, nilipieni ada, muhula kwa muhula, mlipe chuoni moja kwa moja na iandikwe kwenye mkataba. Viongozi wakikubali kwa mdomo halafu kwenye kuandika wakaanza kukohoa, jibu umeshapata. Kingine, angalia ratiba. Timu ikivuka maji kucheza huku au kule unapoteza siku ya kwenda, siku ya mechi na siku ya kurudi, na mwezi wa mitihani hilo ni jambo kubwa. Mwalimu wako wa somo ajue mapema, sio unamwambia umeshafika bandarini.

SWALI: Maalim shkamoo. Dada yangu yupo Ohio miaka mingi, mwanawe kazaliwa kulekule. Alikuwa chuo mwaka mmoja akikimbia mita 800, akaacha akaingia jeshi la majini miaka minne, mwaka huu anatoka na anataka kurudi chuo na akimbie tena. Kwenye grupu la familia pamechafuka, wengine wanasema keshakuwa mtu mzima hawampokei, wengine wanasema siku hizi wanafunzi Marekani wanalipwa mamilioni basi atununulie na sie kiwanja Fuoni. Ukweli upi? (Mjomba mtu, Michenzani)

JIBU: Marahaba. Nianze na hao wanaosema hawampokei. Wenzetu jambo hili wamelitia kwenye sheria tangu 2008, chuo kinachopokea fedha za misaada ya masomo za serikali kuu kinatakiwa kimrejeshe mtu aliyeondoka kwa ajili ya jeshi na akae palepale alipoachia, krediti zilezile, na mwaka wake wa kwanza wa kurudi asitozwe ada kubwa kuliko ile ya mwaka alioondoka. Masharti yapo: awe alikiarifu chuo kabla ya kuondoka, au akirudi athibitishe kuwa aliondoka kwa ajili ya jeshi, jumla ya muda wa jeshi isizidi miaka mitano, aseme kuwa anarudi ndani ya miaka mitatu baada ya kumaliza utumishi, na asiwe amefukuzwa jeshini kwa fedheha. Mwenenu ana miaka minne, yumo. Muulizeni tu kama aliaga (naona swali hili leo litanitoka mpaka usingizini).

Ada nayo hilo ndo jambo kubwa zaidi kuliko hizo mbio. Marekani wana kitu kinaitwa GI Bill, kilianza 1944 Rais Roosevelt alipotia saini ili askari wanaotoka vitani wasirudi mitaani bila kazi, na mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wote wa vyuo kule walikuwa watu waliotoka jeshini. Watu weusi wa majimbo ya Kusini wengi wao hawakufaidi kama wenzao maana vyuo vya kule vilikuwa havitaki hata kuwaona, hilo nalo tulitaje. Huu wa sasa hivi ulianza kutumika 2009, na aliyetumikia miezi 36 au zaidi anapata kiwango kamili, yaani chuo cha umma cha jimbo analoishi analipiwa ada yote, anapewa posho ya nyumba, na fedha za vitabu mpaka dola 1,000 kwa mwaka. Haki hiyo inadumu miezi 36 ya masomo, ukipiga hesabu ya miezi tisa tisa ni miaka minne ya chuo. Kijana huyo akitulia anamaliza digrii bila ya kudaiwa na mtu, na kwa Marekani hiyo ni neema, wenziwe wanadaiwa mpaka wanapata wajukuu.

Kukimbia je? Chama kikubwa cha michezo ya vyuo kule ni NCAA, na utaratibu wao wa miaka mingi ni kuwa mwanafunzi ana miaka mitano ya kutumia misimu minne, saa inaanza kuhesabu siku aliyojiandikisha. Muda wa jeshi hauhesabiwi. Lakini hapo pana mtego mmoja na mie nnapenda kuusimulia. Mwaka 2013 kulikuwa na kijana anaitwa Steven Rhodes, amekaa Marines, kikosi cha jeshi lao, miaka mitano, katoka, kajiunga na chuo cha Middle Tennessee acheze futiboli yao, ile ya kushika mpira mikononi. NCAA wakamwambia mwaka huu hucheza, kwa sababu gani, kwa sababu alipokuwa kambini alishiriki mechi za kujifurahisha za askari, na mechi zile zilikuwa na jezi, na refa, na ubao wa magoli, kwa hiyo wao wakazihesabu ni mashindano rasmi. Fikiria. Mtu kacheza na wenziwe wapunguze mawazo anaambiwa kapoteza msimu! Nchi nzima ikapiga kelele na siku chache baadae wakabadili, akaruhusiwa. Sasa mwenenu kama alikimbia mashindano yoyote jeshini ayaandike yote, tarehe na mahali, ampe afisa wa chuo anayeshughulikia usajili wa wanamichezo kabla hajavaa jezi. Tena taratibu zao siku hizi zinabadilika kila mwaka, asitegemee alichosikia 2019.

Tuje kwenye kiwanja cha Fuoni. Ni kweli wanalipwa. Tangu tarehe 1 Julai 2021 mwanamichezo wa chuo anaruhusiwa kupata fedha kwa kutumia jina na sura yake, matangazo, kusaini jezi, mambo ya mitandaoni, siku chache baada ya Mahakama Kuu yao kuwapiga NCAA, majaji tisa kwa sifuri, kwenye kesi ya mchezaji Alston. Halafu Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akapitisha makubaliano ya kesi ya House, nayo ya wachezaji dhidi ya NCAA, na kuanzia Julai mwaka huohuo chuo chenyewe kinaweza kuwagawia wachezaji wake fedha, kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo, na juu yake kuna fidia ya karibu dola bilioni 2.8 kwa waliocheza tangu 2016 bila kulipwa. Fedha kweli hizo. Ila nani anazila? Sehemu kubwa inakwenda kwa futiboli ya kwao na kikapu cha wanaume, maana ndo michezo inayoingiza fedha za televisheni. Mkimbiaji wa mita 800 anayetoka jeshini akipata viatu vya bure na chakula cha timu ashukuru. Waambieni hao wa kwenye grupu wachangishane wenyewe.

SWALI: Maalim, binti yangu kamaliza kidato cha sita, jina lake limetoka kwenye orodha ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa). Itamchelewesha chuo? Na mie naogopa. (Mama Mtu, Makunduchi)

JIBU: Usiogope dada yangu. Hii ya mujibu wa sheria ilisimamishwa 1994 ikarudishwa 2013, na kawaida ni kama miezi mitatu, wanakwenda baada ya mtihani na wanarudi kabla vyuo havijafunguliwa. Kinachowachelewesha wengi ni maombi ya chuo na ya mkopo, dirisha linafunguliwa wao wako kambini simu hawana. Kwa hiyo kabla hajaondoka mkae pamoja, akuachie nakala za vyeti, cheti cha kuzaliwa na namba zake za siri, na awepo mtu mmoja tu nyumbani wa kumjazia. Mmoja, sio kaka na shangazi kila mtu anajaza chake.

SWALI: Asalam alaikum Maalim. Mwanangu ana miaka 17, mrefu mashaallah, anacheza kikapu hapa Chake. Kuna mtu kwenye WhatsApp anasema ni ajenti, ameona klipu zake, atampeleka chuo Marekani asome bure na kila mwezi atalipwa mshahara. Anataka laki nane za fomu. Baba yake anataka kuuza ng'ombe. (Mama wa Mrefu, Chake Chake)

JIBU: Ng'ombe abaki bandani.

Sasa nieleze. Kusoma kwa kipaji kule kupo na wetu wamefika. Suleiman Nyambui alisoma Texas, chuo cha El Paso, akashinda mbio za vyuo vyao na mwaka 1980 akaleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow. Hasheem Thabeet wa Dar alichezea Connecticut misimu mitatu, na 2009 akawa wa pili kuchaguliwa NBA nzima, ligi kubwa ya kikapu ya kule. Enzi zake mchezaji wa chuo alikuwa akipata ada, malazi na chakula, mshahara haukuwepo.

Lakini kijana wetu akienda leo atakwenda na viza ya mwanafunzi, ile wanayoiita F-1, na viza hiyo haimruhusu kufanya kazi anavyotaka. Anaweza kufanya kazi ndani ya chuo, mwisho saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, mambo ya maktaba na mapokezi. Hizi fedha mpya za jina na sura, na hizi za kugawiwa na chuo, kwa mgeni mwenye viza hiyo ni pagumu, vyuo vingi vinaogopa kuwalipa na mchezaji akikosea anaweza kupoteza viza yenyewe. Kwa hiyo anayemuahidi kijana wa Chake mshahara wa kila mwezi ama hajui anachosema au anajua sana.

Namna ya kumpima ni rahisi. Chuo cha kweli kinakuandikia chenyewe, kwa barua pepe ya chuo, kocha anataka kuona matokeo ya skuli kabla ya hizo klipu, na chuo ndicho kinachotoa fomu ya I-20, ile ya kuombea viza, ajenti hatoi. Ada za serikali yao zinalipwa kwa serikali yao, ile ya usajili wa mwanafunzi dola 350 unalipa mwenyewe mtandaoni na risiti unapata, hazipiti kwenye namba ya simu ya mtu. Na sio kila chuo kinatoa udhamini wa michezo: daraja la kwanza na la pili la NCAA wanatoa, la tatu hawatoi, na vile vyuo vikongwe maarufu vya Ivy League havitoi kwa michezo kabisa ingawa vinasaidia kwa kuangalia uwezo wa mzazi. Hata vinavyotoa huwa sio vyote mia kwa mia. Soka ya wanaume daraja la kwanza kwa miaka mingi chuo kilikuwa na udhamini 9.9 kwa timu nzima, kwa hiyo kocha anaukata vipande, huyu robo huyu nusu, na kilichobaki analipa mzazi. Muulize huyo ajenti udhamini wa mwanao ni asilimia ngapi na umo kwenye karatasi gani. Atakublok.

Mwambie kijana akaze hesabu na Kiingereza, ndo vinavyomfungulia hata akiumia goti kesho.

SWALI: Maalim, mie ni kiongozi wa michezo kwenye serikali ya wanafunzi. Wachezaji wetu wamegoma, wanasema wanaiwakilisha chuo kwenye mashindano ya vyuo wakati wao hawapati hata nauli, wanataka walipwe kama Wamarekani. Utawala unasema mwanafunzi halipwi. Nani ana haki? (Katibu, Unguja)

JIBU: Wachezaji wana haki ila wameomba kitu sicho. Chuo cha Marekani kinagawa fedha kwa sababu mechi zake zinauzwa kwa televisheni kwa mabilioni, na anayetoka jasho kwa miaka mingi alikuwa hapati chochote katika hizo. Hiyo ilikuwa dhulma na imechelewa kuondoka. Mechi ya chuo chenu inaangaliwa na nani? Wenzao wa dakhalia na muuza urojo. Hakuna mabilioni ya kugawana pale, ukidai mgao unadai mgao wa sifuri.

Kinachodaiwa ni kingine. Mwaka 1955 mchezaji mmoja wa chuo cha Fort Lewis kule Colorado, Ray Dennison, aliumia kichwa kwenye mechi akafariki. Mjane wake akadai fidia kama ya mfanyakazi aliyefia kazini, na 1957 mahakama kuu ya jimbo ikamnyima, ikasema chuo hakifanyi biashara ya futiboli. Katika kubishana kote kule kwa mshahara wenzetu wamepitia msiba kama ule, mtu kafa na jezi ya chuo na chuo kimenawa mikono. Sasa nyie hapo chuoni, beki wenu akivunjika mguu Jumamosi anatibiwa na nani? Kama jibu ni "wazazi wake" au "tutachanga", basi hapo ndo pa kugomea, na mie nipo upande wenu.

Nendeni kwa mshauri wa wanafunzi na karatasi moja. Muombe bima ya kuumia kwa kila aliyesajiliwa kwenye timu. Muombe nauli na chakula siku ya mechi, vilipwe kabla sio kurudishiwa, maana kurudishiwa tunakujua. Muombe mtihani ukigongana na mashindano mchezaji afanyiwe mtihani maalum bila kuandikiwa sapu. Na wale wanne watano wanaobeba timu, waombeeni punguzo la ada kwa muhula, hilo utawala unaweza kulifanya bila kutafuta fedha mpya. Kwenye timu yenu nadhani wapo na waliotoka vikosini, wakubwa kidogo, wana familia. Hao muwaulize kwanza wanachokihitaji, isije ikawa mnadai jezi mpya wakati wao shida yao ni vipindi vya jioni.

Mkishajibiwa niandikieni, na mkikataliwa niandikieni zaidi, ila mnitumie nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa.